Kilichozama Izibani

Siku hizi nikishuka Bukoba mjini Jumamosi, sikosi kukutana na watu wanaosafisha ziwa. Wamevaa fulana mpya za kufanana, kila mmoja na mfuko wake, wanaokota chupa tatu ufukweni kisha wanajipanga mstari wapigwe picha. Wakimaliza wanakunywa soda. Dada mmoja kati yao, kucha ndefu kama za kuku wa kienyeji, aliniambia, "Mama, hebu ona, maji safi, hakuna hata kitu kimoja kinachoelea." Nikamuuliza, "Na kilichozama je?" Akacheka. Alidhani bibi anatania.

Sikumlaumu sana. Mimi nilikuwa mjinga kumpita yeye, tena ujinga wangu ulikuwa na miaka thelathini ya uzoefu kazini.

Nilifanya kazi maabara, shule moja ya sekondari hapo mjini. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa yule anayeosha vyombo, anayepima asidi, anayemnong'oneza mwalimu kwa adabu kwamba jaribio lake limeharibika kabla wanafunzi hawajagundua. Nilipanga chumba Rwamishenye, hukohuko mjini, miaka yote hiyo, na nilipostaafu nikarudi Muleba kwenye kibanja cha baba, katika nyumba aliyoniachia. Nilirudi na sanduku la nguo, kreti ya chupa za kioo ambazo shule ilitaka kuzitupa, na mdomo wangu. Huo mdomo ndio uliofanya kazi kuliko vyote.

Kibanja chetu kiko mteremkoni. Juu kabisa ni barabara, chini yake nyumba yangu, halafu migomba na mibuni inashuka mpaka kwenye iziba. Iziba ni chemchemi iliyochimbwa ikawa kama beseni kubwa la udongo. Maji yanachuruzika kutoka kwenye mwamba, yanajaa hapo, yanayobaki yanashuka bondeni kuingia mtoni, na mto unakwenda ziwani. Kitongoji kizima kinachota hapo. Maji yake matamu, na kwetu mtu akikusifia maji ya iziba lako ni kama amekusifia binti.

Pembeni kidogo, mteremko uleule, anaishi mke wa marehemu mdogo wangu, yaani wifi yangu. Mdogo wangu alituacha miaka sita iliyopita. Mungu aliwapa mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Na mnajua maneno ya kwetu: mjane asiye na mtoto wa kiume anatazamwa kama mgeni aliyesahau kuaga. Wazee wa ukoo walishaanza kuulizana, kwa sauti ya kutaka asikie, hivi huyu kwao ni wapi, na je, kwao hawana nafasi? Kilichowafunga midomo ni kitalu. Alikwenda Maruku kwenye kituo cha utafiti wa kilimo akajifunza kuotesha miche ya kahawa inayostahimili mnyauko, akarudi, akajenga kichanja cha kivuli kwa matete, akajaza udongo kwenye vile vimfuko vyeusi vya nailoni tunavyoviita viriba. Baada ya misimu miwili hakuna mzee aliyemuuliza kwao tena. Mzee naye alikuwa anataka miche.

Je, nilimfurahia? Sikumfurahia hata kidogo, na nasema wazi. Watu walikuwa wanakatiza uani kwangu kwenda kwake, hata hodi hawapigi. Mimi niliyeshika darubini kwa mikono yangu nikawa kibao cha kuelekeza njia: "Ee waitu, jamani, kwa mama wa miche ni wapi?" Mama wa miche! Mwanamke aliyeishia darasa la saba, asiyejua asidi wala besi, anaitwa mama wa miche, na mimi naitwa yule bibi wa juu.

Sasa niwaeleze juu ya mkeka, maana bila mkeka hakuna habari.

Mama yangu alikuwa anatandika nyasi sakafuni, kama wanawake wote wa Kihaya wa wakati wake. Nyasi laini, zilizokatwa rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, zinatandikwa chumba kizima, ukikanyaga unasikia ubaridi na harufu nzuri. Krismasi lazima ziwe mpya. Zikichakaa hazitupwi. Zinabebwa zinakwenda kutandazwa chini ya migomba, zinaoza, mgomba unakula. Maganda ya ndizi yanakwenda hukohuko, majivu hukohuko, takataka za kufagia hukohuko. "Kibanja hakikatai kitu," mama alikuwa anasema, na kweli kwa wakati wake kibanja hakikuwa na cha kukataa.

Mimi sikuwa na nguvu za kukata nyasi. Nilinunua mkeka wa plastiki, ule wa maua mekundu na majani ya kijani, wenye pindo la njano. Ulipochakaa nikafanya alichofanya mama. Nikaubeba, nikautandaza chini ya mgomba mkubwa nyuma ya nyumba, nikaufunika nyasi kidogo, nikakung'uta mikono vumbi. Nikanunua mwingine uleule, maana nilipenda yale maua. Huo nao ukaenda hukohuko. Na wa tatu. Mnanicheka? Nendeni mkafunue chini ya migomba yenu kwanza, ndipo mrudi mnicheke.

Mwaka jana masika ilikuwa ya kumwaga. Usiku mmoja ikanyesha mpaka ua wa matete wa wifi ukaanguka, na rundo la viriba vilivyochakaa alivyokuwa ameviweka nyuma ya kichanja likasombwa. Asubuhi nilipokwenda izibani nikakuta maji yametapakaa vipande vyeusi, vikubwa kwa vidogo, vinazungukazunguka juu kama inzi kwenye maziwa. Wanawake wamesimama na ndoo zao wanaguna. Mimi sikuguna. Moyo wangu, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha.

Kamati ya maji ikaitisha mkutano kwenye darasa la Jumapili la kanisani. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mmoja mnene ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kitaalamu". Kitaalamu ndoo imevuja. Kitaalamu mvua imenyesha. Amesoma wapi huo utaalamu hakuna ajuaye. Basi siku hiyo akasema kitaalamu tumsikilize mtu wa maabara. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Pasaka.

"Plastiki ya aina hii ni nyepesi kuliko maji," nikasema. "Haizami hata uiombee. Kwa hiyo kila kipande kilichomo izibani kiko juu, kinaonekana. Na vinavyoonekana ni vyeusi. Haya, nyie niambieni, kwenye kitongoji hiki mwenye viriba ni nani?"

Watu wakamgeukia. Wifi yangu hana makeke. Akasimama, mikono ameifumbata mbele, akasema, "Vyeusi ni vyangu. Mvua ilivunja ua. Nitaviokota vyote, naombeni radhi." Kisha akauliza, "Lakini waitu, chini ya maji mmeangalia?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya watu wazima, nikamjibu, "Chini ya maji kuna tope, mke wa mdogo wangu. Ulitegemea kuna nini, sahani?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akakaa.

Kamati ikaamua: asichote maji ya kitalu pale izibani mpaka mvua za vuli zianze. Maji ya kupikia atachota, ya miche akayatafute mtoni. Mtoni ni bondeni, kupita mafunjo, na kurudi ni kupanda nusu saa nzima ndoo kichwani. Miche inataka maji asubuhi na jioni. Kila aliyekuwa mle ndani alielewa maana ya uamuzi ule wakati kiangazi kinaingia. Kitalu kikifa, mjane hana tena sababu ya kuwepo. Mimi nilielewa kuliko wote, na nikatoka nikitembea kifua mbele.

Viriba aliviokota. Siku mbili aliinama izibani na chekecheo la chai, akatoa kimoja kimoja mpaka maji yakabaki meupe. Watu wakanipongeza kwa kusafisha iziba. Mimi! Nilikubali pongezi.

Mwenyekiti hakuridhika. Akasema wataalamu wa wilaya watapita kiangazi hicho, hivyo niandae ushahidi wa kitaalamu. Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri tangu nistaafu. Nikatoa chupa tatu za mdomo mpana kutoka kwenye kreti yangu, nikaziosha mpaka zikalia kwa vidole. Ya kwanza nikatia maji niliyochemsha nikayapoza, nikaifunika. Mbili nikazijaza maji ya izibani, nikaziacha wazi. Nikakata kiriba cha wifi kwa mkasi, vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, nikatia kwenye chupa zote. Vikaelea. Nikazipanga dirishani penye jua, nikabandika karatasi za maelezo kwa mwandiko wangu mzuri. Nilitaka wataalamu waje waone, waseme, kumbe hapa kuna mtu.

Dirisha hilo linatazama njia ya mtoni. Asubuhi nikikaa na kikombe changu cha chai kuangalia chupa zangu, nilikuwa namwona wifi anapanda na ndoo. Anaonekana kwanza kichwa, halafu shingo, halafu mwili mzima umelowa jasho. Akifika usawa wa dirisha anasimama, ndoo ikiwa kichwani, ananiamkia, "Shikamoo, wifi." Namjibu, "Marahaba." Anaendelea. Jioni tena vilevile. Hakukosa hata siku moja kuniamkia, na kila alivyoniamkia nilizidi kuchukia.

Wiki ya kwanza vipande vilielea, chupa zote tatu. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikaona kwenye zile chupa mbili za maji ya izibani vipande vimepoteza mng'ao. Nikaingiza kijiti, nikakitoa kimoja. Kilikuwa na utelezi. Ute mwembamba, kama ule unaoota kwenye mtungi usiosuguliwa. Nikasema ni uchafu tu, nikakirudisha.

Baadaye ute ukageuka kijani. Vijidudu vidogo sana vya majini, vile ambavyo ukitazama chupa juani unaviona vinarukaruka, vikaanza kujikusanya hapo kula. Maji yalipokuwa yakipungua niliongeza mengine kutoka izibani. Kiangazi iziba linakuwa limeshuka, ukichota unachota na udongo mwekundu. Ule udongo, ambao peke yake ungetua chini ukatulia, ukawa unanasa kwenye ute. Kila kipande kikavaa koti: ute ndani, udongo nje. Sikutaka kuona nilichokuwa nakiona. Nilijiambia ni macho ya uzee.

Asubuhi moja, nimekaa na chai yangu, nikashuhudia kipande kimoja kinaachana na uso wa maji. Hakikuanguka. Kilishuka polepole, kikasimama katikati ya chupa kama kinafikiri, kisha kikaendelea kushuka mpaka kikalala chini. Hapohapo nje nikasikia, "Shikamoo, wifi." Sikujibu. Macho yalikuwa chini ya chupa.

Kufikia mwisho wa wiki vingi vilikuwa vimezama. Vingine vilikuwa vidogo hata macho yangu hayavioni, ila vinyesi vya wale wadudu chini ya chupa, vijinukta vyeusi, nilipovisaga kwa kidole nilihisi ndani mna chembe za nailoni, kama mchanga. Wamekula, wamekunya, mzigo umefika chini kwa njia ya tumbo. Na ile chupa ya maji yaliyochemshwa? Vipande vyake vilikuwa vinaelea vilevile, vinang'aa, vinanicheka. Plastiki haikuwa imebadilika. Nilitoa kipande kilichozama, nikakisugua kwa dole gumba mpaka ute na udongo vikatoka, nikakirudisha majini. Kikaelea. Nikakisugua kingine. Kikaelea nacho. Nilisugua vipande mpaka chai yangu ikapoa.

Aka! Miaka thelathini maabara, na jambo hili nilikuwa silijui. Uzito wa kitu niliujua, uzito wa kinachokipanda kitu sikuwahi kuufikiria. Nilisimama mbele ya darasa la kanisa nikasema haizami hata uiombee. Hakuna aliyeiombea. Ilihitaji muda tu, na uchafu wa kawaida wa maji yaliyo hai.

Sasa mtu mwenye heshima zake angekimbia pale pale kwa mwenyekiti. Mimi nilikaa siku nne. Nilijiambia hili halibadilishi kitu, vilivyozama vitakuwa ni vyeusi vilevile vya wifi. Nilijiambia nina uhakika. Lakini swali lake lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Chini ya maji mmeangalia? Na kule kitaluni mambo yalikuwa yanaharibika. Mtu mmoja na ndoo moja hawezi kunywesha kitalu kizima kutoka bondeni. Mistari ya mbele, inayopigwa na jua la saa nane, ilishakauka. Akina mama wa umoja wa kanisani walioweka oda walianza kuulizia miche kwingine. Na Jumapili, wakati wa kutoka ibadani, nikamsikia mzee mmoja wa ukoo wetu akimuuliza mwenzake, kwa ile sauti yao, hivi huyu kwao ni wapi?

Siku ya tano nikachukua ndoo, chekecheo na kitambaa cheupe, nikashuka izibani saa saba mchana, saa ambayo hakuna mtu. Nikaingiza mkono mpaka begani. Nikazoa tope la chini kabisa, nikaliosha kwenye chekecheo, nikamimina kilichobaki kwenye kitambaa.

Nyekundu. Kijani. Nyekundu tena. Chembe nyingi ajabu, nyekundu na kijani, zimechanganyika na mchanga. Nyeusi zilikuwepo, sikatai, moja hapa moja pale, ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Nikazoa tena. Nyekundu, kijani, na safari hii kipande kirefu kama ukucha, bado kimesukwa, na pembeni kina pindo la njano.

Nilikaa chini kwenye matope na gauni langu. Yesu wangu, mkeka wangu!

Nilipanda nyumbani nikiwa na jembe. Chini ya mgomba mkubwa nikafukua. Mkeka wa kwanza haukuwepo, ulikuwa umekwisha. Wa pili niliushika, ukavunjikia mkononi kama kaukau. Jua lilikuwa limeukausha, jembe limeukata, kuku wameupekua, na kila masika mvua imebeba unga wake, ikaushusha mteremkoni kimya kimya. Ulipofika izibani ulielea siku zake chache, hakuna aliyeona unga, kisha ukavaa koti lake ukazama. Mwaka baada ya mwaka. Viriba vya wifi vilikuwa na kosa moja tu: vilifika majuzi, vilikuwa havijapata muda wa kujificha. Na hiki ndicho kilichobaki hapa izibani. Kilichopita kimeingia mtoni, kingine kimetua kwenye mafunjo, kingine kiko chini ya ziwa ambako kambare wanachokoa, na kule Bukoba dada wa kucha anapiga picha na maji safi. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nawatolea methali hiyo watoto wa watu pale shuleni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya usafi wa iziba, watu wote wapo. Nikashuka na chupa zangu na kile kitambaa. Mwenyekiti akafurahi kuniona, akasema kitaalamu leo tutapata ushahidi. Nikamwambia anyamaze.

"Niliwaambia haizami," nikasema. "Nilikosea. Tazameni chupa hii. Plastiki inaota ute, inanasa udongo, inazama. Vyeusi mlivyoviona ni vya wifi yangu, naye aliviokota. Vilivyo chini, hivi hapa, ni mkeka wangu. Mikeka yangu mitatu. Aliyechafua iziba hili kuliko wote ni mimi, na nilimsingizia yeye mbele yenu, na mkacheka, na mimi nilicheka kuwazidi." Nikatandaza kitambaa juu ya jiwe. Mwanamke mmoja akainama, akasema taratibu, "Huu si ndio ule mkeka uliokuwa sebuleni kwako?" Nikamjibu ndiyo, ndio huo, uliukalia.

Nilitegemea wanizomee. Ningeshukuru. Kila mmoja alitazama pembeni, na nikajua wengi wao wanafikiria chini ya migomba yao. Nikamwambia mwenyekiti aondoe katazo pale pale, miche inakufa. Akakuna kidevu. Akasema kitaalamu katazo liliwekwa na kikao, hivyo litaondolewa na kikao, na kikao hakiwezi kukaa wiki hii kwa sababu kuna msiba, wala wiki ijayo kwa sababu wataalamu wa wilaya wanaweza kuja. Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Hakuondoa.

Wifi alikuwa amesimama nyuma, ndoo mkononi. Watu walipoanza kutawanyika akaondoka, nami nikamfuata mpaka kitaluni. Zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekauka. Iliyobaki alikuwa ameisogeza pamoja ndani ya kivuli, kiriba kwa kiriba, majani bado mabichi.

"Wifi," nikamwambia, "nisamehe."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Akanipa. Lilikuwa jepesi. Nikafungua. Limejaa karibu mdomoni, chembe nyekundu na kijani, zimeoshwa, kavu, safi.

"Kila mwaka natoa tope pale izibani, nachanganya na udongo wa viriba," akasema. "Tope la pale miche inalipenda. Hizi nazikuta humo, nazichambua, nisiwape watu pamoja na miche. Niliutambua mkeka wako tangu mwaka wa kwanza."

"Na ulikaa kimya? Pale mkutanoni nimekucheka, ukakaa kimya?"

"Niliuliza kama mmeangalia chini."

"Ungelileta kopo!"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wifi," akasema, "wewe ulikuwa na maabara. Mimi nina kopo. Nani angelifungua?"

Mimi, mwenye mdomo unaojulikana kutoka Hamugembe mjini mpaka Muleba, nilirudishia kopo mfuniko wake. Yeye akachukua ndoo yake, akaanza kuteremka njia ya mtoni, kwa kuwa kikao kilikuwa bado hakijakaa. Nikaweka kopo chini, nikachukua ndoo ya pili iliyokuwa mlangoni, nikamfuata. Hakunikataza, wala hakunisubiri.